Uliyeweka kichujio cha BPDU kwenye poti zote, Mungu anakuona

Wakuu, nimelala saa mbili tu, kwa hiyo mnivumilie. Kwa wageni: BPDU ni vijumbe ambavyo swichi hutumiana ili kugundua kebo zikiunda mzunguko, na kichujio chake kinavizuia.

Jana mchana mtandao mzima wa ofisi ulikufa. Simu, printa, kamera, vyote kwa mpigo. Nafika kwenye kabati la swichi, taa zote zinapepesa kwa pamoja. SSH, njia ya kuingia kwenye swichi kwa mbali, haiingii, ikabidi nitafute kebo ya konsoli.

Chanzo? Mtu alikuta ncha ya kebo inaning'inia chini ya meza, akaichomeka kwenye tundu la ukutani lililokuwa wazi. Ncha ya pili nayo ilikuwa ukutani tayari. Huyo simlaumu hata kidogo, STP, itifaki ya swichi inayofunga njia ikiona mzunguko, imetengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye. Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye swichi, haina TTL (kikomo cha safari) kama pakiti ya IP. Ikishanasa kwenye mzunguko inazunguka na kuzaana mpaka mtu achomoe kebo.

Wa kulaumiwa ni fundi aliyetusetia swichi hizi. Kila poti ya mtumiaji kaiwekea kichujio cha BPDU. Kila poti! Yaani poti haitumi BPDU wala haizipokei. Unamziba mlinzi macho na mdomo halafu unamwachia lindo. Nampigia, ananijibu eti kompyuta zilikuwa zinachelewa kupata IP (anwani ya mtandao), akaona aufanye mtandao "uwe mwepesi".

Zilichelewa kwa sababu uliacha STP ya kizamani, poti inasikiliza sekunde 15, inajifunza 15 nyingine, DHCP inayoomba IP huku imeshakata tamaa! Ungewasha PortFast, mpangilio wa poti za watumiaji: sekunde 30 zinarukwa na BPDU bado zinatoka. Ukaongeza ulinzi wa BPDU, poti ikisikia BPDU inajizima yenyewe. Ni mistari miwili. Na RSTP, yaani STP ya haraka, ipo tangu 2001, siyo kitu cha jana.

Halafu nikaangalia swichi mzizi ni ipi, yaani ile ambayo STP inaichagua kuwa kitovu cha njia zote. Nusura nilie. Kipaumbele, ambacho namba ndogo ndiyo hushinda, zote 32768, kama zilivyotoka kiwandani, kwa hiyo imeshinda yenye MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ndogo kuliko zote: kiswichi kikuukuu cha stoo, cha Mbps 100, kilichounganishwa na swichi kuu zote mbili. Kiungo cha gigabiti kati ya hizo swichi kuu kimefungwa, data inazungukia stoo. Miezi yote hii tunawasingizia watoa huduma wa intaneti kwamba wanatuibia kasi.

Swichi kuu ya kwanza nimeipa kipaumbele 4096, ya akiba 8192. Vichujio nimeshaving'oa kwenye swichi 6, zimebaki 5, na hizo nitazigusa usiku maana sina imani tena na kilichofichwa humo.

Bosi anataka maelezo ya maandishi kwa nini mtandao umekufa mikononi mwangu. Fundi naye asubuhi hii katuma ankara ya matengenezo.