Kumpeleka mzee kwa baiskeli kwenye njia ya reli ya zamani, Pittsburgh hadi Cumberland

Mtoa mada: Ndugu wanajamvi, salaam. Mwezi wa tano baba yangu, mwenye umri wa miaka 67, atanitembelea hapa Pennsylvania akitokea Tabora, ambako alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu. Ningependa tupite pamoja Great Allegheny Passage, ile njia ya kilomita 240 hivi iliyotengenezwa juu ya matuta ya reli zilizokufa. Baba baiskeli huipanda kila siku, lakini milima ya huku inanitia hofu. Je, ataiweza, na tuanzie upande upi?

Jibu la 1: Ndugu, Mzee ataiweza, na sababu anaijua kutushinda sisi sote: garimoshi haliwezi kupanda mlima wa ghafla, kwa hiyo wajenzi walichonga miamba, wakajaza mabonde na kutoboa mahandaki ili mwinuko uwe mdogo. Ukitokea Pittsburgh, mwinuko haufiki asilimia 1, hata huhisi kwamba unapanda. Ukitokea Cumberland, utapanda kilomita 38 mfululizo, kwa mwinuko usiozidi asilimia 1.75 hivi, hadi mgongo wa mlima unaogawa maji, mita 729 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua ya upande mmoja huelekea Atlantiki na ya upande wa pili huishia Ghuba ya Mexico. Anzieni Pittsburgh, mmalizie kwa mteremko.

Jibu la 2: Naafiki, ila kama mna siku mbili tu, anzieni Cumberland na mpande garimoshi la watalii hadi Frostburg, kwani siku linaposafiri hubeba na baiskeli. Mbele yake kuna handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita 1 hivi, ambalo hufungwa majira ya baridi. Nilipita mwezi Juni nikiwa nimelowa jasho, na nilipoingia tu baridi ilinipenya mifupani, basi Mzee asikose koti. Karibu na Meyersdale, simameni juu ya daraja la Salisbury, maana chini yake, bondeni, treni za mizigo zinapita hadi leo.

Mtoa mada: Nawashukuru sana. Nilikuwa nimepanga siku mbili, lakini treni ikipita chini ya daraja hilo, baba hatakubali kuondoka mpaka ahesabu behewa la mwisho. Nitaomba likizo ya siku tano, tuanzie Pittsburgh.