Nyumba ya Bibi Ujiji: usiku Zimbabwe walipofuzu

*Jumamosi, 19 Julai 2025*

Mdogo wangu Kampala, 20:02
Shikamooni wote. Ndio natoka uwanja wa Namboole. Zimbabwe 30, Namibia 28. Zimbabwe wanaenda Kombe la Dunia la raga Australia 2027. Mara ya mwisho walicheza 1991. Hapa nje ya geti watu wazima wanalia, wanakumbatiana na watu wasiowajua.

Mimi, 20:05
Marahaba mdogo wangu. Bamdogo ameona?

Shemeji Kibirizi, 20:06
Nilidhani humu tunaishangilia Kenya. Kenya imeishia wapi?

Mdogo wangu Kampala, 20:07
Ilitolewa nusu fainali shem. Na haohao Zimbabwe.

Mimi, 20:09
Tangu siku ile Bamdogo hajaandika neno humu ndani. Jana nimepita kwake Gungu, nikamkuta barazani, redio imezimwa. Nikamsalimia akaitikia vizuri tu, lakini chai aliyowekewa ilikuwa imeshapoa.

Shangazi Bangwe, 20:14
Mwacheni mdogo wangu apumzike. Ila na mimi nina jambo limenikaa siku nyingi, leo niliulize. Mtu kazaliwa Ujiji, kakulia Ujiji, anakosa usingizi kwa ajili ya timu ya Kenya. CHAN inaanza Agosti 2, na Taifa Stars yetu ipo. Huu mzigo wa jirani anaubebea nini?

Bamdogo Gungu, 20:31
Shikamoo dada. Nipo, nimesoma yote.

Shangazi Bangwe, 20:31
Marahaba. Haya, tueleze.

Bamdogo Gungu, 20:40
Dada, Nairobi nimeishi miaka 21. Miezi ya mwanzo sikuwa na mtu. Siku moja tukapata kazi ya kutengeneza milango pale kwenye uwanja wa raga, Ngong Road. Tulipomaliza, mwenye kazi akasema kaeni mtazame, leo hamlipi. Sikuelewa kitu. Mpira kama yai, pasi zote zinakwenda nyuma, watu wanarundikana chini kisha wanainuka wanashikana mikono. Jirani yangu kwenye jukwaa akanieleza mchezo mzima, akaninunulia na chai. Hakuniuliza natoka wapi. Wiki iliyofuata nikarudi. Nimerudi pale mpaka siku niliyofunga mizigo kuja nyumbani.

Kwa hiyo si mzigo wa jirani. Wale ndio walionipokea.

Binamu Tabora, 20:43
Shikamoo mjomba, shikamoo mama. Pole sana mjomba.

Bamdogo Gungu, 20:44
Marahaba mwalimu.

Shemeji Kibirizi, 20:47
Baba, niulize kijinga. Ni mara ngapi sasa Kenya wanalikosa hilo Kombe la Dunia?

Bamdogo Gungu, 20:48
Zote. Timu ya watu kumi na watano, Simbas, haijawahi kufika hata mara moja.

Bamdogo Gungu, 21:03
Lakini ngojeni niwaambie zilivyokosekana, maana hapo ndipo panaponiuma.

2014, Antananarivo. Timu nne, wenyeji Madagaska, Namibia, Zimbabwe na sisi. Mechi ya kwanza tunawafunga Namibia 29 kwa 22. Namibia, dada! Waliokuwa wakienda kila mara tangu 1999. Tunawafunga Madagaska pia. Imebaki Zimbabwe tu. Kule karakana hakuna aliyeshika randa, sote tunasubiri matokeo kwenye simu. Zimbabwe 28, Kenya 10. Namibia nao wakawapiga Madagaska 89 kwa 10. Sasa hesabu: sisi tumemfunga Namibia, Namibia kamfunga Zimbabwe, Zimbabwe katufunga sisi. Mduara. Kila mmoja ana ushindi wa mechi mbili. Wakahesabiana pointi, akapita Namibia.

2018, Windhoek, tumefungwa 53 kwa 28. Tukapewa nafasi ya mwisho ya kufuzu kule Marseille, mashindano madogo ya timu nne. Kanada 65, sisi 19. Hong Kong 42, sisi 17. Ujerumani 43, sisi 6.

2022 fainali ya Afrika ilichezewa Ufaransa, Aix-en-Provence. Namibia 36, sisi sifuri. Nafasi ya mwisho tena, Dubai. Marekani 68 kwa 14. Ureno 85 kwa 0.

Shemeji Kibirizi, 21:04
Themanini na tano???

Bamdogo Gungu, 21:06
Themanini na tano. Siku hiyo nilikuwa hapahapa Kigoma, naangalia kwenye simu, intaneti inakatikakatika. Kila ikirudi wameongeza. Na mechi iliyofuata, wakati hakuna tena cha kupigania, wakawafunga Hong Kong 22 kwa 18. Nilisimama peke yangu sebuleni nikawapigia makofi wale vijana.

Na hao Ureno mwaka uliofuata wakaenda Kombe la Dunia, wakawafunga Fiji 24 kwa 23. Halikuwa genge la mtaani lile.

Mdogo wangu Kampala, 21:08
Na safari hii timu zimeongezwa kutoka 20 hadi 24. Bamdogo alikuwa ananiambia mlango umepanuliwa.

Bamdogo Gungu, 21:09
Ndio. Umepanuliwa na bado tumebaki nje.

Bibi Ujiji, 21:12
🎤 Ujumbe wa sauti (0:38)

Mimi, 21:14
Kwa ambao hawajafungua: Bibi anasema mwanawe ale kwanza. Kuna mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, mtu apite achukue. Anasema mambo ya Madagaska hayamalizwi na tumbo tupu.

Bamdogo Gungu, 21:15
Shikamoo mama. Nitakula, naahidi.

Binamu Tabora, 21:20
Mjomba, kwa nini lakini? Ujasiri naona wanao. Ile timu ya wachezaji saba, Shujaa, si inawafunga wakubwa?

Bamdogo Gungu, 21:37
Inawafunga, mwalimu. Aprili 17, 2016, Singapore, fainali dhidi ya Fiji: Kenya 30, Fiji 7. Na Fiji hao Agosti yake walichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Siku ile Nairobi nilikumbatiwa na kondakta wa matatu ambaye jana yake tulikuwa tumegombana kuhusu chenji.

Kocha alikuwa Benjamin Ayimba. Alikufa Mei 21, 2021, baada ya kuugua malaria. Nyie wa Kigoma ndio mtakaonielewa. Mtu aliyewafunga Fiji anachukuliwa na malaria. Miaka miwili baadaye, tarehe ileile, Mei 21, 2023, Shujaa wakafungwa na Kanada 12 kwa 7 jijini London wakashuka daraja. Septemba wakawafunga Afrika Kusini 17 kwa 12 pale Harare, wakakata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024 wakapanda tena daraja, Madrid. Ndivyo walivyo, wanaanguka wakisimama.

Sasa kwa nini wa saba wanaweza na wa kumi na watano hawawezi. Mimi ni seremala, si kocha, nasema nilichokiona. Wa saba wanahitaji mbio na mapafu, na mechi yao ni dakika 14. Wa kumi na watano wanacheza dakika 80, na pale mbele kwenye skramu unataka watu wanane wazito waliosukumana pamoja miaka na miaka. Uzito huo unaupata kwa kukutana na wazito wenzako. Wachezaji wa Namibia wengi wamekulia kwenye ligi za Afrika Kusini. Wa kwetu walio wengi wana kazi zao. Nimewahi kumfungia kabati mmoja wao, anatoka benki saa kumi na moja, anakwenda mazoezini, anarudi usiku. Mwaka 2022 waliingizwa kwenye mashindano ya raga ya Currie Cup, daraja la kwanza, kule Afrika Kusini, na nilisema hii sasa ndiyo njia. Ila njia ya namna hiyo hutembei msimu mmoja ukaiacha.

Na pesa. Mwaka 2018 huko Paris vijana wa Shujaa waliingia uwanjani wamefunika nembo ya mdhamini kifuani, kwa sababu ya malipo. Baadaye waliomba radhi. Mimi sikuwalaumu na siwalaumu leo. Huwezi kumwambia mtu avunjwe mbavu kwa ajili ya bendera huku nyumbani kodi haijalipwa.

Shemeji Kibirizi, 21:41
Hapo kwenye pesa nimekuelewa baba. Hata mtumbwi usipoutia mafuta, nahodha awe hodari vipi hautoki Kibirizi.

Mdogo wangu Kampala, 21:44
Bamdogo, leo nilivyowaona Zimbabwe nilikuwa nakufikiria wewe. Miaka 34. Mwaka jana walichukua kombe hapahapa Kampala, mwaka huu wamerudi na timu ileile ikiwa imekomaa zaidi.

Bamdogo Gungu, 21:46
Ndicho kilichonifanya niwashe simu mwanangu. Siwaonei wivu. Wanastahili. Walisubiri kama sisi tulivyoisubiri AFCON kutoka 1980 mpaka 2019. Dada, unakumbuka ile tatu bila na Uganda?

Shangazi Bangwe, 21:47
Nakumbuka. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Bamdogo Gungu, 21:48
Basi ndicho ninachokisubiri na mimi.

Shangazi Bangwe, 21:55
Nimekuelewa mdogo wangu, nimeondoa swali langu. Ila lipo lingine, na hili linanihusu mimi. Kitinda mimba wangu anasema Jumamosi unakusanya watoto uwanjani Gungu unawafundisha mchezo huo. Kweli?

Bamdogo Gungu, 21:56
Kweli dada. Watoto 11. Mpira mmoja, nilitoka nao Nairobi.

Shangazi Bangwe, 21:58
Na shingo je? Nimeona kwenye simu ya huyu mtoto mtu anabebwa juujuu na kubwagwa. Mwanangu mimi nimemzaa kwa upasuaji.

Bamdogo Gungu, 22:09
Sitakuficha, dada. Mchezo huu una hatari. Kombe la Dunia la 1995 mchezaji wa Ivory Coast, Max Brito, aliangukiwa na rundo la watu katika mechi na Tonga, akapooza maisha yake yote. Kila mpenzi wa raga analijua jina hilo. Siku hizi ukimkaba mtu juu ya mabega unaadhibiwa, waweza kutolewa nje kabisa.

Lakini wangu hawakabani. Nimekwenda kwa fundi cherehani nikaomba vipande vya kitenge. Kila mtoto anachomeka viwili kiunoni, kushoto na kulia. Ukinyofoa kitambaa cha mwenye mpira, ndio umemkaba, anatakiwa atoe pasi. Hakuna kuangusha, hakuna kusukuma. Anayemsukuma mwenzake anakaa nje na mimi.

Binamu Tabora, 22:13
Mama, hiyo ni salama, hata shuleni kwetu naweza kuianzisha. Mjomba nitumie vipimo vya hivyo vitambaa. Na uwanja unachora vipi? Chokaa hatuna.

Bamdogo Gungu, 22:15
Sisi tunatumia majivu. Urefu wa kitambaa shibiri mbili, upana vidole vinne. Kisiwe na fundo, kikifungwa kinamvuta mtoto.

Shemeji Kibirizi, 22:17
Majivu yapo tele huku kwa wakaanga samaki. Nitaleta kiroba Jumamosi.

Shangazi Bangwe, 22:24
Mnanizunguka ukoo mzima.

Sikatai, sikubali. Jumamosi nakuja mwenyewe na kigoda changu. Nikiona mtoto mmoja kaangushwa, namshika wangu mkono tunaondoka, na usininunie.

Bamdogo Gungu, 22:26
Sitanuna dada. Njoo saa kumi. Kaa upande wa mwembe, jua linakuwa mgongoni.

Bibi Ujiji, 22:28
🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Mimi, 22:29
Bibi anauliza, amekula?

Bamdogo Gungu, 22:30
Natoka sasa hivi mama. Niachieni kichwa cha mgebuka.