Nafundishaje blokucheni darasa la watu 70 bila kompyuta?

Chaki Nyeupe: Wakuu habari za jioni. Nafundisha kidato cha tatu huku Mbagala. Nimeeleza blokucheni (daftari la kumbukumbu ambalo watu wengi wanatunza nakala zake kwa pamoja) ubaoni, wakanitumbulia macho tu. Mmoja akauliza kama ndiyo zile za "weka elfu kumi upate laki". Kuna mchezo wowote wa kuwaingizia hili somo? Naomba kuwasilisha.

Mama Hisa: Mwalimu, anza na kikoba, mama zao wengi wamo. Vikundi kumi, kila kikundi daftari lake. Mmoja anatangaza, "Asha kanunua hisa 3", madaftari yote yanaandika. Halafu mnong'oneze mhazini mmoja afute 3 aweke 8. Mkisoma pamoja, tisa yanamuumbua.

Fundi Waya: Hiyo nusu tu, mama. Mnyororo uko wapi? Ukurasa ukijaa, wajumlishe hisa zake. Jibu ndilo muhuri: linaandikwa juu ya ukurasa unaofuata na kuingia kwenye hesabu ya huko. Ukigusa ukurasa wa 1, mihuri yote ya mbele inaharibika.

Chaki Nyeupe: Nimejaribu leo. Mtundu mmoja kampa Asha hisa 5 za Juma, Juma akabaki na 3 za Asha. Muhuri haukutikisika! Nimeaibika.

Fundi Waya: 😂 Huyo mpe zawadi. Sasa zidisheni kwa nafasi: ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3. Hisa 3, 5, 2 zinatoa 19. Akizigeuza 5, 3, 2 zinatoa 17. Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, inatumia kanuni ya kutengeneza mihuri iitwayo SHA-256, yenyewe ukibadili herufi moja tu, muhuri mzima unakuwa mwingine.

Kijiwe Nongwa: Uchimbaji mmeusahau, yaani kushindania nani afunge ukurasa. Kila kikundi dadu mbili za ludo. Wa kwanza kupata 11 au 12 anafunga ukurasa na kula ubuyu. Wakipata upesi mno, bana iwe 12 pekee. Bitcoin nayo hupima ugumu upya kila bloku (ndiyo kurasa zake) 2,016, ili bloku moja ichukue kama dakika 10.

Mama Hisa: Na yule wa "elfu kumi" usimpuuze. Mtangazaji aseme Asha kanunua hisa 20 wakati hajatoa hata senti. Madaftari yote kumi yataandika uongo huo, na mihuri itakubali.

Chaki Nyeupe: Yeye mwenyewe ndiye atatangaza Jumatatu. Dadu naazima kijiweni.