Abiria wa boda akikataa helmeti apigwe faini yeye, sio dereva. Nakosea wapi?

Mwanachuo_Dom

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanachuo mwaka wa pili hapa Dodoma, Ijumaa tuna mdahalo darasani mambo ya usalama barabarani na afya, nikaona kabla sijaenda kuaibika kule niaibike kwanza huku ambako hakuna anayenijua 😂

Hoja yangu: abiria anayekataa kuvaa helmeti (najua wengine mnaita elementi, twende tu) aandikiwe faini yeye mwenyewe. Dereva aachwe.

Nimefikaje huko. Mwezi uliopita rumeti wangu katoka saluni, kasuka knotless za elfu 35, kakaa kwenye kile kiti toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Tukachukua boda, tukapanda wawili, ndio najua ni mshikaki msinianze. Kaka wa watu alikuwa na helmeti ya abiria, tena akaitoa mwenyewe bila kuombwa akasema dada vaa. Rumeti akaigeuza akaangalia ndani. Wakuu ile sponji ilikuwa nyeusi, ina utelezi wa jasho la watu wote wa Dodoma, mkanda umekatika kishikizo umefungwa fundo. Akasema hii siweki kichwani kwangu na nywele mpya hizi. Dereva hakubishana, akaipachika kwenye kiwiko tukaondoka.

Kuna tuta halina alama wala rangi, halikuwepo wiki ya nyuma. Hatukuwa hata na spidi. Tukalala wote watatu, mimi goti, dereva kiganja, rumeti kichwa kikapiga ukingo wa mtaro. Na ile helmeti ikatoka kiwikoni ikabingirika taratibu mpaka mbele ya kibanda cha chipsi ikasimama, haina hata mchubuko. Hiyo picha bado ninayo.

Zahanati tuliyokimbilia wakasema tukachukue kwanza PF3 polisi (ile fomu ya majeruhi kutibiwa), nikatoka na goti langu linavuja kwenda kuitafuta karatasi huku mwenzangu kakaa benchi kashikilia khanga kichwani. Akashonwa nyuzi saba juu ya sikio. Na ili wamshone ilibidi wazikate zile knotless. Yuko salama sasa hivi, anavaa kilemba darasani.

Sasa wiki mbili baadaye niko na boda mwingine trafiki katusimamisha, mimi sijavaa kitu kichwani, kaandikiwa nani? Dereva. Faini ya boda ni elfu 10, waliishusha kutoka elfu 30 kwenye bajeti ya 2021, na hiyo 10 inatoka mfukoni kwa mtu ambaye mimi nimempa buku mbili. Aliyekataa ni mimi, aliyelipa ni yeye. Ndio maana madereva wenyewe wamechoka hata kutuambia tuvae. Kichwa changu, faini yangu. Nishambulieni.

Mzee_wa_Kitonga

Mwanangu pole na mwenzio. Ila hesabu yako ina tundu kubwa kuliko hilo tuta. Mlipanda wawili, helmeti ya abiria ilikuwa moja. Rumeti angeivaa wewe ungevaa nini, sufuria?

Mwanachuo_Dom

😭😭 Mzee hapo nimekufa. Sikuliwaza kabisa hilo.

NesiWaZamu

Niko zamu ya usiku mapokezi ya dharura hospitali ya wilaya, sitasema ipi. Nikwambie tunachokiona ndugu yangu, goti na kiganja vinapona, mfupa wa paja unapona hata kama ni kwa miezi, kichwa ndicho kinachomrudisha mtu nyumbani akiwa mtu mwingine. Anamsahau mkewe, anakuwa na hasira, kijana wa miaka 22 anavalishwa pampasi na mama yake. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua kama ajali za barabarani, si ukimwi si malaria, na mimi kwa ninaowapokea sina sababu ya kubisha. Na kuna tafiti zilikusanywa pamoja zikachambuliwa wakapata helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa pikipiki asilimia 42 na majeraha ya kichwa asilimia 69. Hiyo ni dawa gani nyingine tunayo ya namna hiyo kwa elfu ishirini na kitu?

Lakini (na hapa ndio nataka uende nalo Ijumaa) huyo rumeti wako kuigeuza na kuangalia ndani hakukosea. Mapunye yanaambukizwa kwa kofia za kushirikiana, chawa vilevile. Mimi mwenyewe nesi nilikuwa nakataa. Siku hizi naweka kofia ya nailoni ya kuogea kwanza kichwani halafu helmeti juu, zile nyepesi madukani zinauzwa bei ya peremende, nywele haziharibiki na uchafu haunigusi. Naonekana kichekesho sijali.

Na ile yenye mkanda wa fundo hata angeivaa isingemsaidia sana, helmeti isiyofungwa kidevuni inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Halafu ikishapiga lami kwa nguvu mara moja imekwisha, lile povu gumu la ndani linajibonyeza ili kichwa chako kisibonyee, haliinuki tena hata kama kwa nje inang'aa. Kwa hiyo ukiwalazimisha watu kuvaa bila kusema wavae nini utapata nchi nzima imevaa mabakuli.

PF3 sisemi sana, lakini damu ikiwa inatoka mtu anahudumiwa, karatasi inafuata. Mlionewa.

Boda_la_Sabasaba

Mimi ni dereva, namshukuru dada kwa kutuonea huruma ila sera yake itatuua njaa. Nakwambia ukweli mtupu, siku abiria akianza kuandikiwa faini yeye, abiria anahamia bajaji. Au anashuka kabla ya trafiki anatembea mita mia anapanda tena mbele, hiyo mbona ipo hata leo.

Halafu mnasema helmeti chafu, chafu ndio, nakubali. Kwa siku nabeba watu ishirini mpaka thelathini, niioshe saa ngapi, ikilowa sponji haikauki mpaka kesho, kesho nitavalisha watu nini? Pikipiki yenyewe sio yangu niko kwa mkataba, kila siku jua likizama bosi anataka elfu 8 yake, mvua inyeshe isinyeshe. Ya kwangu binafsi nilinunua nzuri elfu 45 kwa sababu nina watoto wawili. Ya abiria nilipewa tu na jamaa aliyeacha kazi. Huo ndio ukweli.

Mzee_wa_Kitonga

Sasa huyu ndiye wa kumsikiliza. Mwanangu mimi nimeendesha basi miaka mingi njia ya Dar mpaka Mbeya, nimeona sheria zikija na kuondoka. Ngoja nikupe mifano miwili halafu nikalale.

Wa kwanza viroba, ile pombe kali ya vifuko. Machi 2017 vilipigwa marufuku, na unajua kwa nini vilikufa? Kwa sababu vilitoka kiwandani na dukani. Hakuna mlevi aliyeandikiwa faini kwa kunyonya kiroba mwanangu, angeandikiwa tungekuwa navyo mpaka leo na trafiki wa viroba juu. Mifuko ya plastiki Juni 2019 hivyo hivyo, mama ntilie hakuhutubiwa kuhusu mazingira, aliamka asubuhi mifuko haipo dukani.

Wa pili mabasi ya usiku. Zamani ilikuwa basi halitembei usiku wa manane, ikifika saa sita unasimamishwa hapo hapo mlipo abiria wanalala vitini. Sheria ilikuja kwa nia njema kabisa kuzuia ajali na ujambazi. Matokeo yake nini, sisi madereva tulikuwa tunakimbia kama tumeiba ili saa sita isitukute njiani. Mlima Kitonga nimeushuka kwa namna ambayo sitaki mke wangu ajue. 2023 Waziri Mkuu akasimama bungeni akaruhusu, Oktoba LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wakaanza kutoa ratiba za usiku. Watu wakapiga kelele tutakufa. Lakini safari hii ndani ya basi kuna kile kifaa cha kufuatilia mwendo, ukizidisha 80 kinakupigia kelele na LATRA wanakuona wakiwa wamekaa ofisini. Kifaa hakili chai. Sisemi hakuna ajali, zipo na zinauma, nasema dereva anaogopa kifaa kuliko alivyokuwa ananiogopa mimi nikiwa abiria nampigia kelele apunguze.

Kwa hiyo usimtafute abiria wala dereva. Mtafute anayeuza pikipiki. Pikipiki mpya isitoke dukani bila helmeti mbili, zenye ubora, bei iwe humo humo. Pikipiki inauzwa milioni mbili na ushee, hiyo elfu 80 nani ataiona?

Mwanachuo_Dom

Mzee hii naichukua yote. Ila nakubishia kidogo. Viroba ukivitoa dukani mtu hana pa kuvipata. Helmeti ukiiweka dukani bado mtu anaweza kuipachika kiwikoni kama ya kwetu. Ilikuwepo! Kilichokosekana haikuwa helmeti.

Pwani254

Hamjambo watani. Huku kwetu Kenya sheria ya pasinja kuvaa helmeti na rifleksa ipo tangu 2012, imeandikwa vizuri kabisa, na mimi hapa Mombasa naweza kukaa barabarani saa nzima nisihesabu pasinja kumi waliovaa. Boda anayo, imefungwa nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, hiyo ni ya karao (polisi) si ya kichwa. Akiona karao mbele ndo utasikia "madam vaa kidogo". Kidogo!

Ningekuwa nyinyi ningeuliza swali la pili, mkishaanguka analipa nani. Sisi tangu Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa SHA, bima ya afya ya serikali, na hayo maneno hayajaisha mpaka leo kwenye matwana. Nyie vipi?

NesiWaZamu

@Pwani254 sisi sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni 2023. Mwanachuo ana kadi yake ya elfu 50 na mia nne kwa mwaka, kwa hiyo dada na rumeti wako nafuu. Dereva ndiye wa kumwuliza. Wengi tunaowapokea hawana kadi yoyote, kijiwe kinachangishana kwenye kofia, nimeona kwa macho yangu, tena kofia yenyewe wakati mwingine ni hiyo hiyo helmeti 😔

Niko_Kigali

Mtanzania niko Kigali mwaka wa nne. Huku boda (wanaita moto) anabeba abiria mmoja tu, basi, na bila helmeti hapandi. Sijawahi kusikia mtu anabishana. Unapewa unavaa, hata balozi anavaa. Mwanzoni nilidhani ni uoga wa polisi na kweli polisi wapo, lakini nikaja kugundua kitu kidogo tu: dereva mwenyewe hawashi mpaka ufunge. Anakungoja. Abiria mwingine akija hamchukui. Sasa madereva wote wakiwa hivyo unahamia wapi? @Boda_la_Sabasaba ile hofu yako kwamba abiria atakukimbia inakuwepo kwa sababu wa pembeni yako atambeba hivyo hivyo.

Helmeti chafu hata huku zipo, nisiwadanganye. Dada zetu wanavaa kitambaa chini.

Boda_la_Sabasaba

Mkuu wa Kigali umeongea. Kijiweni kwetu tuko 34, tukikubaliana wote 34 kwamba hakuna kuwasha mpaka avae inawezekana, mwenyekiti wetu mkali. Tatizo ni wale wa kupita wasio na kijiwe, hao wanaokota tu njiani.

Jamaa_Flani

Sheria zote hizo za nini, siku yako ikifika imefika hata uvae sanduku la chuma.

NesiWaZamu

@Jamaa_Flani sawa. Ukiletwa usiku nitawakumbusha ndugu zako ulisema hivyo.

Mwanachuo_Dom

Jamani asanteni, nimekaa na daftari hapa. Nimebadilisha. Faini kwa abiria nimeifuta, nimegundua nilikuwa nawaza kama mtu mwenye hasira na rumeti wake. Ijumaa nasimama na hivi: helmeti mbili kwenye bei ya pikipiki (ya Mzee), mkanda na ubora vikaguliwe sio uwepo wa helmeti tu (ya nesi), na kijiwe ndicho kibanwe, yaani kikipewa eneo na halmashauri kipewe na sharti la kutowasha mpaka abiria afunge, akikamatwa mmoja kijiwe kizima kinaulizwa. Mwalimu wetu atasema hiyo ni adhabu ya jumla, najua, bado natafuta jibu.

Nimemsomea rumeti comments zote. Kacheka sana pale kwenye sufuria mpaka kovu likamvuta. Ile kofia ya nailoni ameshanunua mbili.

Boda_la_Sabasaba

Dada njoo Sabasaba leo nimenunua ya abiria mpya kabisa, ina kioo, ina kishikizo kinalia "ka!". Sponji nimeivua nimeifunika kitambaa cha kufua, vipo vitatu nabadilisha.

Ombi moja tu, ukishuka uivue. Wa jana kateremka kwake kaingia ndani nayo, nimepiga hodi geti dakika kumi.