Mrejesho: Mwanangu asiyetulia darasani

Habari zenu. Mwezi wa tatu niliwauliza kama nimtoe shule mwanangu wa miaka 8, maana mwalimu alisema ni mkaidi, hamalizi kazi, anazurura darasani. Asanteni sana mlionisukuma nimpeleke akapimwe kwanza.

Daktari hapa Kisumu aliuliza mengi ya nyumbani na ya shuleni, kwani dalili za ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia na kuwa makini) lazima zionekane zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Kumbe si ukaidi. Nililia kwenye matatu nikikumbuka viboko nilivyomchapa.

Sasa namfundisha nyumbani. Hesabu dakika 15, kisha anaruka kamba, tunarudi. Maagizo natoa moja moja. Kugawanya tulijifunza kwa omena: aliweka samaki 24 kwenye sahani 4, akahesabu kila sahani mara mbili, akaniangalia macho yaking'aa: "Mama, ni sita sita!" Zoezi hilohilo kwenye daftari lilikuwa limetumaliza asubuhi nzima.

Kusoma bado kuna kazi. Akichoka, naacha. Baba yake anataka arudi shule Januari; hilo bado hatujakubaliana.