Homa ya usiku, hospitali iko maili 24: mnajipangaje?

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu.

Mwezi uliopita tumehama London tukaja mji mdogo wa mashambani, huku huku Uingereza. Mume wangu amepata kazi ya ghalani, zamu za usiku. Mtoto wetu wa miaka saba ana sikoseli. Kule London hospitali ilikuwa vituo viwili vya basi na manesi walimjua kwa jina. Huku kuna kituo cha majeraha madogo kinachofungwa saa mbili usiku. Idara ya dharura iko hospitali ya mkoa, maili 24, na basi la mwisho linaondoka saa moja jioni. Mimi sina leseni ya gari.

Namshukuru Mungu bado halijatokea jambo, ila silali, nasinzia tu. Mnaoishi nje ya miji mikubwa mnajipangaje?

Mama wa Mmoja

---

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa kuhama. Nimekuwa nesi wa idara ya dharura miaka kumi na minne, kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa pili wa dirisha.

Kazi yenyewe ni ya wiki hii, mchana, mtoto akiwa mzima. Mmeshamsajili kwa daktari wa familia wa huko? Kama bado, anzeni hapo, mwombe rufaa ya haraka kwa madaktari wa damu wa watoto. Na wale wa London wapigie simu kabla faili halijapoa, waombe barua ya mpango wa matibabu. Iseme aina ya sikoseli aliyonayo, SS au SC au nyingine, hemoglobini yake na oksijeni yake akiwa mzima, ukubwa wa bandama, kama amewahi kuongezwa damu, aleji, na dawa ipi ya maumivu humtuliza na kwa kipimo gani.

Hicho kiwango cha akiwa mzima kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Daktari asiyemjua akiona hemoglobini 8 anaweza kushtuka, kumbe mtoto hushinda na 8 mwaka mzima. Hatari zaidi ni kinyume chake: aone 7, aseme "watoto wa sikoseli ndivyo walivyo", kumbe huyu huwa na 9 na tangu asubuhi damu inajikusanya kwenye bandama. Waombe pia wakufundishe kuipapasa bandama kwa vidole, kama hawajawahi kukufundisha. Wazazi wengi huiweza baada ya kuonyeshwa mara mbili tatu.

Usitegemee kompyuta. Rekodi za hospitali moja mara nyingi hazionekani kwenye nyingine, au zinaonekana nusu. Piga picha barua hiyo, na nakala ya karatasi ikae kwenye begi ambalo halifunguliwi kwa shughuli nyingine. Uliza pia kama hospitali yenu ina utaratibu wa kumpokea moja kwa moja wodi ya watoto, kwamba unapiga simu wodini na kupita bila kukaa kwenye foleni ya dharura. Si kila hospitali inao, ila aliyeuliza ndiye anayeupata.

Sasa usiku wenyewe. Nunua kipimajoto kizuri, kiganja cha mama hakitoshi hapa. Homa ya 38 kwenda juu kwa mtoto wa sikoseli ni safari ya usiku huo huo, hata kama anacheza. Bandama yake haimlindi kama ya wengine, ndiyo maana anapewa penisilini kila siku, na maambukizi ambayo mtoto mwingine angeyabeba siku mbili yanaweza kumwangusha yeye kwa saa chache. Anza na namba ya timu yake kama mmepewa. Kama haipokelewi, piga 111, namba ya ushauri wa afya, iko wazi saa 24, nao watakuambia cha kufanya. Ukikwama kwa lugha, taja tu kwamba unahitaji mkalimani na useme lugha yako.

Akipumua kwa shida, akiumwa kifua, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, akisinzia usingizi usio wake, au akipauka ghafla: 999, ya ambulensi, hapo hapo. Kupauka kwa ngozi yetu usikutafute shavuni. Tazama viganja, ufizi na ndani ya kope la chini. Na kama una kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, jua kwamba kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Namba nzuri isikuzuie kama macho yako yanakwambia mtoto anahangaika.

Watu hudhani ukija na ambulensi unatangulia. Hapana. Nesi wa mlangoni anapanga kwa uzito wa hali, awe mgonjwa ameshushwa na ambulensi au na jirani.

Ukifika mapokezi usianze na hadithi ya kuhama London. Sema hivi, na uiandike kabisa ili usiku usikupotee: "Mtoto wa miaka saba, ana sikoseli, homa 38.6 tangu saa nne, dawa alizokunywa ni hizi, barua yake hii hapa." Ndani ya sekunde kumi nesi ameshajua amweke wapi.

Kama ni maumivu, kuna mwongozo wa NICE, chombo kinachoandika miongozo ya tiba hapa, uliotoka 2012. Unasema maumivu ya sikoseli yachukuliwe kuwa dharura, mgonjwa apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike, kisha aangaliwe tena kila dakika 30 mpaka atulie. Zitaje hizo dakika, kwa upole, lakini zitaje. Hospitali za mikoani nyingine hupokea wagonjwa wachache sana wa sikoseli, na nesi aliyekupokea huenda ni mara yake ya kwanza. Hakuchukii, hajawahi tu kuliona.

Beba maji, chaja, na blanketi, maana kumbi za kusubiri zina baridi na baridi ni adui wa mtoto huyu. Lengo la taifa ni kwamba watu 95 katika kila 100 wawe wamehudumiwa ndani ya saa nne, lakini halijafikiwa tangu 2015. Pangeni kama watu watakaokesha.

Nesi wa Zamu

---

Dada Nesi amemaliza karibu yote. Naongeza moja, na hili nililipia.

Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa na jambo. Mke wangu naye ana sikoseli. Mwaka wa kwanza hapa nilimpeleka hospitali, sitaitaja, akaulizwa maumivu ni ngapi kati ya kumi. Akasema sita. Nyumbani alikuwa ameng'ata mto ili asiwaamshe watoto! Nami nikaongeza, "anaumwa kidogo, anajitahidi". Adabu zetu zote mbili tulizimwaga pale dirishani. Tukakaa saa tano. Nesi aliyetupokea aliandika alichoambiwa, sina la kumlaumu, ingawa siku ile nilimlaumu sana.

Siku hizi nasema mambo yanayoonekana: hajaweza kusimama tangu saa tisa, hajala, ametapika mara mbili. Namba ya kumi kila mtu ana yake, lakini "hawezi kusimama" haina tafsiri mbili. Na hali ikibadilika mkiwa mnasubiri, rudi dirishani useme imebadilika. Wengi wetu tunaona aibu kusumbua watu mara ya pili.

Kuhusu usafiri, jirani mmoja mwenye gari ni bora kuliko teksi tatu. Mwambie ukweli mapema, wakati hakuna kinachowaka. Na mkilazwa, hospitali za serikali za England haziwatozi maegesho ya usiku, saa 1:30 jioni mpaka saa 2 asubuhi, wazazi wa mtoto aliyelazwa wanaolala naye. Ulizeni wodini namna ya kuandikisha gari.

Baba Pacha

---

Asanteni sana, nimecheka na kulia kwenye hiyo ya "sijambo". Hata mimi nimeisema wiki iliyopita nikiwa na jino.

Swali la pili. Mama mkwe anakuja Desemba kutoka Mwanza, viza ya matembezi, miezi mitatu. Ana presha. Akiugua usiku, nimpeleke hapo hapo? Shemeji anasema watatutoza mpaka tuuze nyumba, na kwamba akidaiwa hatapewa viza tena.

Mama wa Mmoja

---

Mpeleke. Shemeji ana nusu ya ukweli.

Kwa England, huduma ndani ya idara ya dharura ni bure kwa kila mtu, hata mwenye viza ya matembezi. Bili inaanza akilazwa wodini, au akipewa miadi ya kurudi kliniki. Hapo mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama, kwa hiyo mkatieni bima ya safari kabla hajapanda ndege, na presha muitaje kwenye fomu. Ukiificha, bima haikulipi. Matibabu ya haraka hayazuiwi kusubiri pesa. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa malipo ndilo linaloweza kumwekea doa kwenye maombi ya viza, basi likitokea ongeeni na ofisi ya hospitali mapema mgawe malipo. Akija, aje na dawa zake kwenye maboksi yake. Kila mwaka tunapokea wazee wenye vidonge vyeupe kwenye karatasi ya gazeti, na hakuna anayejua ni nini.

Na hapo Mwanza umenikumbusha. Mgeni akipata homa, au ninyi mkienda likizo mkarudi, neno la kwanza dirishani liwe mlikotoka na tarehe mliyorudi. Malaria hapa haimjii kila daktari kichwani. Mnaweza kuambiwa ni mafua, mkarudi nyumbani na parasetamo. Malaria mbaya huweza kujitokeza kuanzia siku ya saba hivi baada ya kuumwa na mbu, na wengi huugua ndani ya miezi michache ya kurudi. Kipimo kimoja kikitoka safi hakitoshi, huwa tunarudia mpaka vitatu. Matibabu yake hayatozwi hata kwa mgeni, maana imo kwenye orodha ya magonjwa ya kuambukiza yasiyolipiwa.

Wanaosema "mimi nimekulia kule, malaria hainiwezi", kinga hiyo hupungua ukikaa mbali miaka. Na mwanao wa sikoseli ndiye wa kuogopewa zaidi. Watu huchanganya: anayesaidiwa na damu yake dhidi ya malaria ni yule aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu. Mwenye ugonjwa kamili malaria humwumiza vibaya. Msipande ndege kwenda nyumbani bila dawa zake za kinga.

Nesi wa Zamu

---

Nimepiga simu mbili leo. London wanatuma barua kwa posta na kwa barua pepe. Teksi ya kwanza haiji huku baada ya saa sita usiku, ya pili wamekubali saa zote ila wanataka dakika arobaini. Mama wa nyumba ya tatu, Mzungu mzee mwenye mbwa wawili, amenipa namba yake na kusema huwa hazimi simu. Nimeibandika kwenye friji juu ya ile ya teksi.

Kipimajoto nimeagiza. Miadi ya daktari ni Alhamisi.

Mama wa Mmoja