Binti yangu mtu mzima amelazwa Dodoma baada ya upasuaji: nimsaidieje bila kumwingilia?

Mkulima wa Kongwa

Salaam, wanajukwaa. Mimi ni baba wa miaka 63, mgane, mkulima wa mahindi na alizeti katika wilaya ya Kongwa. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya upasuaji ya wanawake katika hospitali moja ya hapa Dodoma mjini, ambako binti yangu wa kwanza amelazwa. Ana miaka 31, ni fundi cherehani anayejitegemea, na anaishi Chang'ombe pamoja na rafiki yake wa siku nyingi. Alianza kuumwa tumbo, akadhani ni vidonda vyake vya tumbo vya siku zote, akameza dawa za dukani kwa siku tatu. Alipofikishwa hospitali, kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka na usaha umesambaa. Alipasuliwa usiku uleule. Leo ni siku ya nne, na bado ana mrija puani, mwingine ubavuni, na mshono mrefu ulioanzia juu ya kitovu.

Kinachonisumbua si ugonjwa peke yake. Kwa kuwa mama yake alishatangulia mbele ya haki, nilimwita dada yangu kutoka kijijini aje kumuuguza, maana mwanaume haruhusiwi kulala katika wodi ile, na isingekuwa heshima mimi kumwogesha. Shangazi mtu akafika na beseni, kanga mbili na sabuni. Binti akakataa kuogeshwa naye, akasema atamsubiri rafiki yake atoke kazini. Dada yangu amenuna tangu jana. Kisha leo asubuhi, madaktari walipopita, mmoja wao alimwuliza kama angependa nibaki wakati wanazungumza, naye akajibu bila kunitazama, "Baba asubiri nje kidogo." Nikatoka na chupa yangu ya uji wa ulezi, uji nilioamka saa kumi alfajiri kuupika, ambao mpaka sasa hajaunywa hata kikombe kimoja.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: mzazi anamuuguzaje mtoto ambaye si mtoto tena? Au nirudi shambani, niwe natuma pesa tu?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mzee mwenzangu. Nimezeekea katika wodi za upasuaji, kwa hiyo niruhusu nianze na uji, maana hilo ndilo jepesi. Usaha ukisambaa tumboni, matumbo hulala; huacha kusukuma chakula kwa siku kadhaa hata baada ya tumbo kusafishwa, na ule mrija wa puani umewekwa ili kutoa maji na hewa vinavyojikusanya humo. Akinywa uji wako leo atautapika, na kutapika ukiwa na mshono mbichi ni mateso ambayo sitaki kuyaeleza hapa. Ndiyo maana kila asubuhi wauguzi wanamwuliza kama ametoa hewa. Wageni hucheka wakisikia swali hilo, lakini kwetu hakuna habari njema kama mgonjwa wa tumbo kujamba. Matumbo yakiamka, ataanzishiwa maji kidogo kidogo, kisha chai, kisha uji mwepesi. Usipike lolote kabla ya kumwuliza muuguzi wa zamu. Baadaye ndipo utakapotakiwa kuleta mayai, maharage na dagaa, kwa sababu kidonda hujengwa na vyakula vya namna hiyo.

Kuhusu daktari, alifanya linalotakiwa. Mwanamke mwenye umri huo aliyefika na maumivu ya tumbo huulizwa habari za hedhi, mimba na mambo mengine ambayo binti aliyelelewa vizuri hawezi kuyajibu baba yake akiwa amesimama pale. Huenda alikuwa anakusitiri wewe zaidi ya kujisitiri mwenyewe.

Sasa kazi yako. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huogopa mambo mawili, kukohoa na kutembea, na yote mawili anayahitaji sana, kwani akilala tu bila kujongea, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu na makohozi yakajaa mapafuni. Kunja kanga iwe nene kama mto mdogo, mpe aibane juu ya mshono kwa mikono miwili kila anapotaka kukohoa, na umkumbushe kuvuta pumzi ndefu mara kwa mara. Wauguzi wakiruhusu atembee, mwambie akugeukie ubavu kwanza, ashushe miguu, ndipo ajiinue kwa kiwiko. Asijivute kwa tumbo. Wewe shika mkono na uende kwa mwendo wake, hata kama safari nzima ni kutoka kitandani hadi dirishani. Ukiona homa inapanda, mshono unavuja au kunuka, tumbo linajaa upya, mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake au anahema kwa shida, mwite muuguzi saa hiyohiyo, usingoje raundi ya asubuhi.

Fundi wa Bahi

Mzee, kwetu mshono hupakwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa na hukauka upesi sana. Jaribu usiku wauguzi wakiwa wamepungua.

Muuguzi Mstaafu

Tafadhali asijaribu. Kidonda hicho kisiguswe na kitu chochote ambacho waliomshona hawakukiagiza, usiku wala mchana.

Nililazwa Pia

Shikamoo, mzee. Mimi ni mwenyeji wa Manyoni, na nilipasuliwa tumbo miaka michache iliyopita nikiwa na umri unaokaribiana na wa binti yako, kwa hiyo nitasema kutoka upande wa kitandani.

Ukiwa umelala pale, mwili unakuwa wa kila mtu. Huyu anafunua shuka atazame mshono, yule anapima mkojo kwenye mfuko, mwingine anakugeuza achome sindano, na wote wana nia njema, lakini ikifika jioni unatamani kitu kimoja tu ambacho wewe mwenyewe umekiamua. Kwangu mimi kilikuwa nani aniogeshe. Nilimpenda mama mkubwa wangu kwa moyo wote, lakini nilijua kwamba akiniona nilivyo atalia, na akilia itabidi nimbembeleze yeye, nami sikuwa na nguvu hizo. Rafiki yangu hakulia. Alinisugua miguu huku akinisimulia umbea wa mtaani. Naamini binti yako hakumkataa shangazi yake. Alimchagua mtu ambaye hatalazimika kujikaza mbele yake.

Jambo ambalo baba yangu alilifanya, na sikulithamini mpaka nilipopona, ni kusimama mlangoni. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, watu wa kanisani, majirani na ndugu walikuja kwa mkupuo. Kuna mama mmoja alileta zabibu, mfuko mzima, akaketi kitandani kwangu na godoro likabonyea upande wa mshono, huku mimi nikiwa sijaruhusiwa hata maji. Baba alimpokea zabibu, akamshukuru sana, akamwonyesha kiti, na baada ya dakika tano akamsindikiza hadi getini akiulizia habari za watoto wake. Hakuna aliyejiona amefukuzwa. Kazi hiyo, mzee, rafiki yake hawezi kuifanya, kwa sababu hana umri wa kumwondoa mtu mzima kitandani kwa mgonjwa. Wewe unao. Lakini mwulize kwanza ni nani angependa kuwaona, halafu ufuate jibu lake hata kama limemwacha nje mtu unayemheshimu.

Mzee wa Mpwapwa

Nakubaliana na dada hapo juu, ila naona mmemsahau shangazi. Mtu aliyefunga safari na beseni lake akaambiwa hatakiwi, akirudi kijijini hivyo hivyo, maneno yatakayozungumzwa yatamfikia binti kabla mshono haujakauka. Usimrudishe kimya kimya. Mpe kazi inayoonekana: nguo za mgonjwa zinahitaji kufuliwa, chumba cha Chang'ombe kinahitaji kuandaliwa kabla hajatoka, na chakula kitakapoanza kuruhusiwa, mkono wa kukipika uwe wake. Wewe na uji wako wa saa kumi alfajiri, samahani, mzee mwenzangu, huenda ulikuwa na mabonge.

Jingine ni gharama. Usisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo uanze kuhesabu. Uliza mapema bili imefika wapi, tunza kila risiti, na kama mzigo umekuzidi, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ukiwa bado na muda wa kueleza hali yako. Mambo hayo mgonjwa asiyasikie kwa sasa, isipokuwa akiuliza. Akiuliza, mwambie kweli, kwa maana ni fedha zinazomhusu na ni mtu mzima.

Mkulima wa Kongwa

Nawashukuru wote, na uji kweli ulikuwa na mabonge. Naandika baada ya siku tatu. Juzi usiku matumbo yaliamka, mrija wa puani ukatolewa, na jana shangazi yake alipika uji mwepesi, akamnywesha vijiko sita. Nilimwuliza binti ni nani angependa kuwaona. Akataja watu wanne, nami nikabaki mlangoni na hao wengine. Leo madaktari walipofika nilisimama nitoke kabla sijaambiwa. Akasema, "Baba, kaa, leo wanaongelea kurudi nyumbani."

Hapo ndipo penye swali langu la mwisho. Mimi nataka nimpeleke Kongwa, yeye anataka kurudi Chang'ombe. Nyumba yao haina bomba ndani, wanateka maji uani, na choo ni cha kuchuchumaa. Nimlazimishe?

Muuguzi Mstaafu

Usimlazimishe. Chang'ombe yuko karibu na hospitali endapo homa itarudi, na nyuzi zitatolewa hapohapo. Kongwa kuna safari ndefu ya gari yenye kutikisika. Tatizo ni ndoo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na yeye kwa muda wa wiki sita hivi asinyanyue kitu kizito, kwa sababu nyama za tumbo zilizoshonwa zinaweza kuachia ndani hata kama ngozi imeshika. Nunua pipa lenye bomba chini, liwekwe ndani, na mlipane na kijana wa kulijaza kila asubuhi. Chooni pigilia ubao imara ukutani ili apate pa kushika anapoinuka. Cherehani yake ya kukanyaga nayo ipumzike kwa sasa. Atakaporudi kliniki, aulize mwenyewe lini anaweza kuianza.